Faili Lenye Kichwa cha Habari Tu

Kwa wiki tisa laptopu yangu ilikuwa na faili moja lililoitwa "Tasnifu ya mwisho". Ukilifungua unakuta kichwa cha habari kwa herufi nzito, jina langu, namba yangu ya usajili, na chini yake kweupe mpaka mwisho wa ukurasa. Nilikuwa nalifungua karibu kila siku. Nabadilisha ukubwa wa herufi, nakaa nalitazama, nalifunga. Siku moja nilikipaka kichwa cha habari rangi ya buluu, nikenda kulala najihisi nimefanya kazi.

Mada yenyewe nilikuwa naipenda: mafundi wa chokaa wa Mji Mkongwe, wale wanaozipiga lipu nyumba za mawe na kuziba nyufa zake. Hapo ndipo palipokuwa pananichanganya. Mtu akikikwepa kitu anachokichukia, inafahamika. Mimi nilikuwa nakikwepa ninachokipenda.

Wenzangu wa hosteli walikuwa na jibu la haraka: uvivu. Nami nililikubali, maana ndilo tulilolizoea tokea skuli. Lakini hebu itazame wiki moja ya huyo mvivu. Jumatatu alifua nguo zake zote na za mwenzake wa chumbani. Jumanne alikaa mpaka saa sita usiku anamsaidia jirani hesabu za takwimu. Jumatano alipanda daladala kutoka Tunguu mpaka mjini kumchukulia mtu mzigo bandarini. Alkhamisi alipanga makaratasi yake yote ya miaka mitatu, somo kwa somo. Huyo si mvivu, jamani. Huyo anafanya kila kazi iliyopo Unguja isipokuwa moja.

Baadaye nilikutana na maelezo yaliyonikaa vizuri zaidi. Mwaka 2013 wataalamu wawili wa saikolojia, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, walichapisha makala ambayo hoja yake, kwa lugha yetu ya barazani, ni hii: mtu anayeahirisha mara nyingi hajashindwa kupanga muda, ameshindwa kuibeba hisia. Kazi ile inamletea woga, au uchovu wa moyo, au aibu ya kuonekana hajui. Akiisogeza mbele, hisia ile inamtoka papo hapo. Nafuu analipwa leo, mkononi, na deni linaandikwa kwa jina la mtu mwengine, yaani yeye mwenyewe wa wiki ijayo. Akishaonja nafuu hiyo mara mbili tatu, anaizoea kama watu wanavyoizoea kahawa ya jioni pale Jaws Corner. Ndiyo maana ratiba zenye rangi tunazozibandika ukutani hazitusaidii sana. Ratiba inatibu ukosefu wa muda, na muda ninao. Ninachokosa ni ujasiri wa kukaa na ule woga dakika tano za mwanzo.

Nikajiuliza, basi mie naogopa nini? Jibu halikuchelewa. Naogopa kuandika ukurasa mbaya. Ukurasa mweupe hauna kosa hata moja.

Sasa nieleze gharama yake, kwa sababu tunapozungumzia kuahirisha huwa tunafikiria sapu, au kudisco, au kulala saa kumi alfajiri siku ya kukabidhi. Hizo ni gharama, lakini nyingi zinalipika. Yangu haikulipika.

Mwezi wa pili msimamizi wangu alinielekeza kwa fundi mmoja mkongwe aliyekuwa akikaa Mkunazini. Nilimkuta barazani kwake, nikamwamkia, akanikaribisha, tukazungumza robo saa hivi. Sikuwa na daftari wala kalamu. Nilikwenda kujitambulisha tu. Akaniambia, "Mwanangu, mie siendi pahala. Njoo siku yoyote baada ya Alasiri, utanikuta hapa hapa." Nikamjibu, "Inshaallah babu, wiki ijayo." Kuna Inshaallah ya mtu aliyekwishafunga ngamia wake akamwachia Mungu yaliyobaki, na kuna Inshaallah ya mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Yangu ilikuwa hiyo ya pili, na nadhani mzee yule aliijua.

Sikurudi wiki ile, wala iliyofuata. Nilitaka nikienda niwe na hojaji kamili, maswali thelathini yaliyonyooka, na kinasa sauti cha kuazima. Nilikuwa na maswali manne kwenye karatasi ya daftari. Kila Alasiri ikiadhiniwa nasema moyoni, maswali hayajawa tayari. Mwezi wa tatu ukaingia, mvua za masika zikaanza, nikapata sababu nyengine: njia zina maji.

Mwezi wa nne msimamizi alinipigia simu Ijumaa asubuhi. "Yule mzee wako kafariki jana. Anazikwa leo baada ya sala." Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kujibu.

Nilikwenda mazikoni, na siku ya tatu nikenda kwenye khitma. Watu walipoanza kuondoka, mpwa wake, naye ni fundi, aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nilimwambia ukweli: mwanafunzi aliyeambiwa aje, akachelewa. Alinitazama kidogo, kisha akanichukua uchochoro wa nyuma kunionesha ukuta.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kama nusu mita, na dari zake zinalala juu ya boriti za mikoko. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti ndiyo inayopima upana wa chumba. Jengo la namna hii linapumua. Linakunywa unyevu na kuutoa, na lipu ya chokaa ndiyo ngozi yake. Ngozi ikipasuka, maji ya mvua yanaingia, yanateremka ndani ya ukuta mpaka kwenye kichwa cha boriti pale ilipochomekwa. Kichwa cha boriti kinaoza kimya kimya. Wewe uliye chumbani huoni kitu, unaona dari yako imetulia. Siku boriti inaposhuka, inashuka na sakafu ya juu. Na ukija kwa pupa ukaupiga ukuta saruji ili umalize kazi mara moja, unaufungia unyevu ndani, na unaharibu zaidi.

Mpwa yule alinionesha ufa uliozibwa, mwembamba, unaupita bila kuuona. "Mzee alikuwa na ndoo yake ndogo, ndoo ya rangi," akasema. "Masika yakimalizika anaitia chokaa, anachukua mwiko, anazunguka nyumba za watu wake. Ukimuuliza unakwenda kutengeneza nyumba ya nani, anakwambia sitengenezi nyumba, natembea tu."

Tangu darasa la tano naandika kwenye insha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nilikuwa sijawahi kuutazama ufa.

Mfano mkubwa wa neno hilo kila mtu wa Unguja anaujua, uko pale pale mbele ya Forodhani. Beit el-Ajaib ilijengwa mwaka 1883 na Sayyid Barghash. Iliyapita mabomu ya manowari za Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, vita visivyofika hata saa moja. Haikuuweza unyevu na miaka. Mwaka 2012 sehemu yake moja iliporomoka, na tarehe 25 Disemba 2020, ikiwa kwenye ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ilianguka na watu wawili wakapoteza maisha. Sina elimu ya uhandisi ya kugawa lawama, wala hilo silo lengo langu hapa. Ninachosema ni kwamba kazi iliyohitajika mwishoni ilikuwa kubwa kiasi cha kutisha, na nyufa zake za kwanza, miaka mingi nyuma, zilikuwa za ndoo na mwiko.

Usiku wa siku ile ya khitma ndipo nilipoanza. Ningependa kusema nilipata nguvu mpya. Hapana, nilikuwa na huzuni na nilikuwa nimechoka. Nilichofanya ni kulifungua lile faili na kuandika, chini ya kichwa cha habari cha buluu, mambo matatu niliyoyakumbuka kutoka kwenye ile robo saa yetu ya mwezi wa pili. Sentensi tatu mbovu mbovu. Nikalifunga, nikalala. Yote haikuzidi dakika kumi.

Kesho yake faili lile halikunitisha kama zamani, na hilo ndilo lililonifumbua macho. Kazi haikuwa imepungua hata kidogo. Tasnifu bado ilitaka kurasa sitini na mimi nina mistari mitatu. Kilichopungua ni ukubwa wa mlango. Siku zote nilidhani hatua ndogo inasaidia kwa sababu ya haba na haba, kwamba ukijumlisha vidogo vidogo utapata kibaba. Hesabu hiyo ni kweli, lakini ni ya polepole mno kumshawishi mtu mwenye woga. Faida ya haraka ya hatua ndogo ni kuwa inakupeleka ndani ya kazi kabla woga haujaamka vizuri, na ukishakuwa ndani unakuta chumba hakina jini ulilolidhania.

Lakini hatua yenyewe iwe ndogo kweli. Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya. "Kuandika sura ya pili" si hatua, ni safari ya kwenda Pemba kwa ngalawa. "Kusoma kwa ajili ya mtihani" pia si hatua. Kipimo changu ni hiki: kazi iwe ya mkono, yaani niweze kumwambia mtu mkono wangu utafanya nini, na iwe ndogo kiasi kwamba nitaona haya kusema siiwezi. Nichukue kitabu kimoja kwenye rafu, nifungue yaliyomo, niandike namba za kurasa mbili zinazonihusu. Nichore jedwali tupu, bila takwimu. Nisome swali la kwanza la asaimenti kwa sauti na kulinakili kwa mkono wangu. Na ile kazi inayotutetemesha kuliko zote, kumwandikia mwalimu kwamba umechelewa: andika "Assalaam alaykum, Dokta" na sentensi moja, uiache kwenye rasimu. Mimi rasimu ya namna hiyo ilikaa saa nne, kisha nikaituma. Jibu lilikuja la maneno matano. Nilikuwa nimekosa usingizi wiki nzima kwa ajili ya maneno matano.

Na hatua hiyo ya kwanza ipewe ruhusa ya kuwa mbaya. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa hapa Zanzibar mwaka 1948, aliondoka kwenda Uingereza akiwa kijana, mwishoni mwa miaka ya 1960. Ameeleza kwamba alianza kwa kujiandikia vipande vipande kuhusu nyumbani, kwa upweke wa ugenini, bila kupanga kuwa mwandishi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na tuzo ya Nobel ya fasihi aliipata mwaka 2021. Simtaji ili kusema sote tutapata Nobel tukiandika dakika kumi. Namtaja kwa sababu aliyeandika vile vipande vya mwanzo hakuwa akimwandikia msomaji wala mtahini, na nadhani ndiyo maana viliandikika.

Sasa kuna jambo la wakati, na hili nimejifunza kwa mama wa mwenzangu wa chumbani. Kwao ni Paje, na mama yake analima mwani. Kilimo hicho cha biashara kilianza pwani ile ya mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Ukienda kukitazama unaona kazi yote ni ya vidogo: kipande cha mwani kinafungwa kwenye kamba kwa uzi, kingine kando yake, kingine tena, mamia kwa mamia, kamba zinatandazwa baina ya vijiti, na baada ya wiki sita hivi unavuna. Nilikwenda naye mara moja nikafunga vipande, vidole vikaniuma kabla sijamaliza kamba ya pili. Nilimuuliza, "Mama, hakuna siku unayoamka hutaki?" Akacheka sana. "Nyingi tu, mwanangu. Lakini maji yakitoka nami natoka. Bahari haikuulizi."

Yeye hakai asubuhi kupima kama ana hamu. Bamvua limekwishaamua saa na limekwishaamua pahala. Sisi wanafunzi hatuna maji kupwa wala kujaa, tuna "nitaifanya wikendi", na wikendi haina saa. Mwaka 1997 Peter Gollwitzer na Veronika Brandstätter walichapisha utafiti waliowafanyia wanafunzi wa chuo kikuu. Waliwaomba waandike ripoti fupi jinsi walivyoutumia mkesha wa Krismasi, na waitume ndani ya siku mbili baada ya mkesha huo. Nusu yao waliambiwa pia wachague kabisa lini na wapi watakaa kuiandika. Katika kundi lililochagua saa na pahala, karibu robo tatu walituma kwa wakati. Katika lile jingine, ni kama theluthi moja tu. Kazi ni ile ile, siku zile zile za sikukuu zenye wageni na vyakula. Tofauti ilikuwa sentensi moja ya kujiwekea miadi.

Hapa kwetu miadi tunayo tayari mara tano kwa siku, inaadhiniwa. Mimi niliifunga hatua yangu kwenye Alfajiri: nikirudi msikitini, kabla sijagusa simu, nakaa kwenye meza ya dirishani naandika dakika kumi. Neno zito hapo ni simu. Ukiigusa kwanza, ile nafuu niliyoisema inapatikana kwa bei nafuu mno, na kazi haiwezi kushindana nayo. Mwenzangu yeye Alfajiri haimfai, anasinzia. Alichagua kituo cha daladala: gari likikawia kujaa, anasoma kurasa mbili. Ameshamaliza vitabu hivyo hivyo.

Nisipake rangi nikasema dawa hii haina kasoro. Hatua ndogo nazo zina ujanja wao, maana zipo zinazofanana na kazi lakini ni kukwepa kulekule. Kile kichwa changu cha habari cha buluu kilikuwa hatua ndogo kweli kweli! Kupanga mafaili, kupakua makala ishirini usizozisoma, kununua daftari jipya. Njia ya kuitambua ni kujiuliza: je, hatua hii inaugusa ule ufa wenyewe, mahali panaponitia woga? Kama haigusi, umepaka rangi juu ya lipu inayobanduka.

Halafu si kila kuchelewa ni kuahirisha. Mtu ambaye bumu lake halijaingia na hana nauli ya kwenda kukusanya data haambiwi "anza kidogo". Mtu mgonjwa, au aliyefiwa, au ambaye kila siku moyo wake umezama kiasi cha kutoinuka kitandani, huyo anahitaji mtu wa kukaa naye na pengine daktari, si dakika kumi. Na aliyekwama kwa sababu somo hajalielewa, hatua yake ya kwanza ni kuuliza, basi.

Zitakuja pia siku ambazo utaivunja miadi. Mimi niliivunja siku nne mfululizo baada ya Idd, na siku ya tano nikaona aibu ya kuanza tena ni kubwa kuliko ile ya mara ya kwanza. Hapo kuna utafiti wa Canada wa mwaka 2010, wa Michael Wohl, Pychyl niliyemtaja na Shannon Bennett. Waliwafuatilia wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwenye mitihani miwili, wakakuta kwamba waliojisamehe kwa kuchelewa kujiandaa na mtihani wa kwanza, walipunguza kuchelewa kwenye wa pili kuliko waliobaki kujilaumu. Mimi nilidhani kujilaumu ndiko kutakakonisukuma. Kumbe lawama nayo ni hisia nzito, na kilichobandikwa hisia nzito ndicho tunachokikimbia.

Kusamehe huko kuna mpaka wake, hata hivyo. Nilirudi kwa mpwa wa marehemu mara sita, kila mara baada ya Alasiri, na daftari safari hii. Alinisaidia kuliko nilivyostahiki, na sura ya nne karibu yote ni maneno yake. Tasnifu niliikabidhi siku mbili kabla ya mwisho.

Ile karatasi ya maswali manne ninayo bado. Swali la tatu linauliza mzee aliiloweka chokaa kwa muda gani kabla ya kuitumia, na kwa nini ile ya kuta zinazotazama baharini aliichanganya kwa namna nyengine. Nilimsomea mpwa wake. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Hilo alikuwa akilijua mzee mwenyewe. Anaishika kwa vidole, anasema bado, au anasema tayari." Nililiandika jibu hilo kama lilivyo, ukurasa wa 41. Msimamizi aliweka alama ya kuuliza pembeni, akaandika: "Fafanua." Sikuwa na wa kumuuliza.